Haidrojeni au sola na betri: kipi kinatufaa Lamu?

Nianze na jibu, maana mtu anayetaka kununua hapendi kuzungushwa. Ukiwa Lamu leo na unataka umeme wa nyumba, wa friza la samaki, wa zahanati au wa boti ya kuvusha abiria, chukua sola na betri ya lithiamu, au umeme wa gridi pale ambapo nyaya zimefika. Haidrojeni iache kwanza. Ni nishati ya kweli, tena safi ikitengenezwa inavyopaswa, na zipo kazi ambazo pengine ni hiyo tu itakayoziweza. Ila kazi hizo haziko jikoni kwetu wala kwenye mashua zetu. Nitaonyesha kwa hesabu, kwa kuwa tangu serikali izindue mkakati wa haidrojeni ya kijani jijini Nairobi Septemba 2023, maneno yamekuwa mengi kuliko hesabu.

Imetoka wapi?

Jua linachomoza lenyewe. Haidrojeni, karibu yote, lazima itolewe ndani ya kitu kingine, na kuitoa kunakula nishati. Dunia hutengeneza zaidi ya tani milioni 90 kwa mwaka, na sehemu kubwa hutokana na gesi asilia na makaa ya mawe. Kilo moja ikitolewa kwenye gesi asilia humwaga hewani takriban kilo 10 za kaboni dioksaidi. Hiyo huitwa haidrojeni ya kijivu. Wakiikamata kaboni hiyo na kuifukia ardhini, huiita ya buluu. Ya kijani ni ile inayotolewa kwenye maji kwa umeme wa jua, upepo, maporomoko ya maji au mvuke wa ardhini, na mpaka sasa inayotolewa kwenye maji haifiki sehemu kubwa: ni chini ya asilimia 1 ya yote inayotengenezwa duniani.

Kwa hiyo ukiambiwa kwamba gari au meli fulani inatoa maji matupu nyuma yake, umeambiwa kweli kuhusu ekzosi. Bado hujaambiwa bomba la kiwandani lilitoa nini.

Iko pia haidrojeni inayokaa ardhini yenyewe. Kijijini Bourakébougou, nchini Mali, watu walichimba kisima cha maji mwaka 1987, kikatoka gesi. Mwaka 2012 gesi hiyo, ambayo ni haidrojeni karibu tupu, ilianza kuwapa wanakijiji umeme. Habari kama hii inanipa moyo, na ningependa wanajiolojia wetu waifuatilie kwa bidii. Lakini huwezi kupanga biashara ya samaki kwa kutumaini kisima ambacho hakijachimbwa.

Yuniti 100 zinaishia wapi

Chukulia paneli zako zimekupa yuniti 100, yuniti hizi hizi tunazozinunua kwa tokeni.

Ukipita njia ya betri, unazihifadhi mchana kwenye lithiamu na kuzitoa usiku. Utapata kama 90. Zile 10 zimegeuka joto ndani ya betri na inveta.

Ukipita njia ya haidrojeni, yuniti 100 zinaingia kwenye mashine ya kuchanganua maji. Kilo moja ya haidrojeni hula yuniti 50 hadi 55, basi unapata kilo mbili kasoro. Gesi yenyewe ni nyepesi mno: kilo moja isiposhindiliwa inajaza zaidi ya mita 11 za ujazo, yaani chumba kidogo kizima kutoka sakafu hadi dari. Ndiyo maana hushindiliwa kwenye mitungi kwa mgandamizo mara 350 au hata 700 ya hewa tunayovuta, na kompresa nayo inadai umeme wake. Usiku unaipitisha kwenye seli ya haidrojeni, chombo kinachoiunganisha tena na oksijeni ya hewani na kutoa umeme. Kila kilo imebeba yuniti 33, na seli nzuri hukurudishia kama nusu ya hizo. Mwisho wa safari unabaki na yuniti 30 hivi.

Tisini upande huu, thelathini upande ule. Anayechagua haidrojeni kwa taa na friza za usiku anahitaji paneli mara tatu ili apate umeme uleule. Paneli zimeshuka bei, nakubali, lakini paa la nyumba ya Mkomani, mtaa wa mji wa kale wa Lamu, haliongezeki upana.

Watetezi wa haidrojeni wana jibu zuri hapa na ni haki nilitaje. Wanasema betri haiwezi kuhifadhi umeme wa miezi, na ni kweli. Ujerumani au Norway, jua la Desemba ni hafifu sana ukilinganisha na la Juni. Kwao inaingia akilini kujaza matangi wakati wa kiangazi na kuyatumia wakati wa baridi, hata kama thuluthi mbili ya nishati itapotea njiani. Sisi tuko takriban nyuzi 2 tu kusini mwa ikweta. Mchana wetu ni wa saa 12 au karibu na hapo, iwe kaskazi iwe kusi. Masika hupunguza jua kati ya Aprili na Juni, na mwenye paneli za kubanabana huona taa zikizimika kabla ya usingizi kumpata. Dawa ya hilo ni kuongeza paneli chache. Shida kubwa ambayo haidrojeni ingetuondolea, ya kuvusha umeme kutoka msimu hadi msimu, huku kwetu haipo. Kwangu hii ndiyo sababu nzito kuliko zote, nzito hata kuliko bei.

Na bei yenyewe? Mwaka 2010 pakiti ya betri za lithiamu iligharimu zaidi ya dola 1,000 kwa kila yuniti inayoweza kuhifadhiwa. Mwaka 2024 wastani wa dunia ulikuwa karibu dola 115. Dukani Lamu utalipa zaidi ya hapo, kwa sababu kuna usafiri, ushuru na faida ya kila aliyeshika mzigo, lakini mkondo unaelekea chini. Mashine za kuchanganua maji hazijashuka kwa kasi hiyo.

Boti

Hapa mambo si mepesi, na haidrojeni inastahili kusikilizwa vizuri zaidi.

Mashine ya farasi 40 ikiendeshwa kwa nguvu zote hutoa kama yuniti 30 kwa saa. Betri ya lithiamu ya kuhifadhi yuniti 30 ina uzito wa kilo 200 au zaidi. Nahodha anayetoka Amu, yaani mji wa Lamu, kwa spidi boti kwenda Kiwayu au Kiunga, na abiria na mizigo yao, hawezi kufunga betri za safari nzima akabaki na mahali pa kukalisha watu. Kwa uzani, haidrojeni inaishinda betri waziwazi: kazi hiyo ya saa moja inataka kama kilo 2 za gesi, na mitungi yake haifiki robo ya uzito wa zile betri. Inashindwa kwa nafasi, maana kilo moja kwa mgandamizo wa 350 hukaa kwenye lita 42, bila kuhesabu unene wa mtungi. Lakini nafasi unaweza kuitafuta.

Kinachoiangusha ni kila kitu kilicho nje ya boti. Utajaza wapi? Norway ilianza kutumia kivuko cha MF Hydra kwa haidrojeni ya kimiminika mwaka 2023, na mafuta yake yalisafirishwa kwa lori kutoka Leuna, Ujerumani, yakiwa yamepozwa hadi nyuzi 253 chini ya sifuri. San Francisco nao wana Sea Change, boti ya abiria 75, iliyoanza kazi mwaka 2024. Ni vyombo vya kupendeza na vinafundisha dunia mengi. Nyuma ya kila kimoja kuna fedha nyingi za umma, wahandisi na barabara nzuri mpaka gatini. Sisi hata dumu la petroli la Kiunga linafika kwa jasho.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa wenye boti unagawanyika. Kama safari zako ni ndefu na za kasi, baki na petroli kwa sasa, lakini unapobadilisha mashine nunua ya mipigo minne badala ya ile ya mipigo miwili ya kuchanganya oili. Utapunguza mafuta mengi na hutamwaga oili baharini. Kama kazi yako ni kuvusha watu kati ya Amu na Shela, au Amu na Mokowe, anza kupiga hesabu ya mashine ya umeme sasa hivi. Boti isiyokimbizana na mtu inahitaji sehemu ndogo sana ya nguvu zile. Kwa yuniti 4 au 5 kwa saa mashua yenye umbo zuri inakwenda mwendo wa kutosha, na kutoka Amu hadi Shela haitamaliza hata yuniti 2. Uzito wa betri nao, ukilazwa chini katikati ya mashua, unafanya kazi ya farumi, ule uzito wa kukituliza chombo.

Na jahazi lenye tanga lisiachwe nje ya ulinganisho huu. Kwa kazi ya mizigo isiyo na haraka, tanga na mashine ndogo ya umeme ya kuingilia bandarini wakati upepo umelala ni mchanganyiko ambao hakuna mtungi wa haidrojeni utakaoushinda kwa gharama. Mafundi wa Matondoni wanajua kuunda chombo cha namna hiyo. Wasubiriwe nini?

Barafu ya Kizingitini

Kizingitini na kwingineko kwenye visiwa vya Pate na Ndau, samaki na kamba wengi hupoteza bei kwa kukosa barafu kuliko kwa kukosa wanunuzi. Kikundi cha wavuvi kikiniuliza kinunue nini, ningekipa hesabu hii.

Kugandisha tani moja ya barafu kwenye joto letu kunakula yuniti 70 hadi 100. Tuseme 80. Paneli za kilowati 20, kwa jua letu la pwani, zinatoa kiasi hicho kwa siku ya kawaida na kubakisha kidogo. Mashine ya barafu ifanye kazi jua likiwaka, isimame jua likizama, na barafu ikae kwenye chumba chenye kuta nene za kuzuia joto. Betri ndogo ya kuwasha mashine na taa inatosha. Barafu yenyewe ndiyo akiba yako ya nishati, na haihitaji kemikali yoyote kuihifadhi.

Sasa fanya kazi hiyohiyo usiku kwa haidrojeni. Yuniti 80 zinataka karibu kilo 5 za gesi. Kilo 5 zimekula zaidi ya yuniti 250 za jua. Paneli zile za kilowati 20 zimekuwa 60, na bado hujanunua mashine ya kuchanganua maji, kichujio cha kuyasafisha maji kuliko hata ya kunywa, kompresa, mitungi na seli. Tani ileile ya barafu.

Chumvi, na nyumba za mawe

Anayeuziwa kifaa chochote Lamu aulize kwanza kitafanywa nini na hewa ya bahari. Fungua kasha la betri lililokaa barazani mbele ya maji kwa miezi kadhaa. Vichwa vya betri vimeota unga wa kijani, nati zimekamatana na kutu, na waya ukiukunja ganda linapasuka. Hilo fundi yeyote analimudu: maji moto, brashi, kitambaa kikavu, kisha grisi ya kutosha kabla ya kukaza tena. Paneli zenyewe huoshwa kwa maji baridi asubuhi na mapema ili utando wa chumvi utoke. Ni kazi ya kijana wa nyumbani.

Seli ya haidrojeni inavuta hewa ya nje muda wote inapofanya kazi, na chumvi ikipenya inaiharibu kutoka ndani, basi inahitaji vichujio vya kubadilishwa bila kukosa. Gesi yenyewe hupenya kwenye baadhi ya vyuma na kuvifanya viwe na wepesi wa kupasuka, ndiyo maana mabomba yake si ya kununua popote. Fundi wa mashine za boti ninao wengi wa kukuelekeza, wa sola pia. Wa haidrojeni simjui hata mmoja huku.

Upande wa usalama, wengi wanaiogopa haidrojeni kwa sababu ya picha za Hindenburg, ndege ya puto iliyoungua Marekani tarehe 6 Mei 1937. Woga huo umepita kiasi. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inatambaa sakafuni na kusubiri cheche. Haidrojeni ni nyepesi mara 14 kuliko hewa. Ikivuja uwanjani inapaa na kutawanyika upesi. Juu ya dari tambarare au uani penye uwazi, ningekaa karibu nayo bila hofu.

Ndani ya chumba ni habari nyingine. Nyumba zetu za mawe zina kuta nene, madirisha machache na dari za boriti, na gesi inayopaa itajikusanya palepale juu, katikati ya boriti. Inashika moto ikiwa asilimia 4 tu ya hewa ya chumba, na inaendelea kuweza kuwaka mpaka asilimia 75. Haina rangi, haina harufu, na mwali wake mchana karibu hauonekani. Gesi ya kupikia hutiwa harufu ili pua ituonye; haidrojeni ya kutumia kwenye seli kwa kawaida haitiwi, kwa kuwa dawa za harufu huziharibu seli. Lazima uwe na kigunduzi kinachofanya kazi saa zote, na kigunduzi nacho kinaliwa na chumvi.

Betri pia huwaka, nisifiche. Nunua ile ya lithiamu iliyoandikwa LiFePO4, ambayo huvumilia joto vizuri zaidi kuliko aina nyingine za lithiamu, usiiweke chini ya kitanda wala karibu na jiko, na usikubali betri iliyofunguliwa na kuungwaungwa. Vichochoro vya Mkomani na Langoni havipitishi gari la zimamoto. Moto wa nyumba moja ni wa mtaa.

Jenereta na gridi

Jenereta ndogo ni rahisi kununua na ghali kulisha: lita ya dizeli ina yuniti 10 ndani yake, nayo inakupa kama 3. Iwe akiba ya dharura tu. Gridi, kwa walioifikia, ni bora kuliko tunavyoisifu. Zamani umeme wa Amu ulitoka kwenye jenereta za dizeli. Leo unakuja kwa laini kubwa kutoka Rabai kupitia Malindi na Garsen, na takriban asilimia 90 ya umeme wa Kenya hutokana na mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua, ukiwemo wa paneli za Langobaya kule Malindi. Mwenye tokeni na betri ndogo ya kuvukia saa za kukatika hana sababu ya kutafuta zaidi.

Pale haidrojeni inaposhinda

Mbolea. Hakuna betri itakayotengeneza mbolea. Mbolea ya naitrojeni huanza na amonia, na tani moja ya amonia inataka kama kilo 180 za haidrojeni, ambayo leo karibu yote ni ya kijivu. Mkulima wa Mpeketoni aliyenunua mfuko wa kilo 50 kwa zaidi ya shilingi 6,000 mwaka 2022, kabla ya ruzuku kuushusha hadi 3,500, alikuwa akilipia vita na gesi za nchi za mbali. Haidrojeni ya kijani ya hapa nchini ingeweza kumwondoa kwenye mkumbo huo, na ninafurahi kuwa mkakati wa 2023 uliitanguliza mbolea. Ila mahali pake pa asili ni Naivasha, karibu na Olkaria, ambako mvuke hutoa umeme usiku na mchana na mashine hazilali. Mashine ya kuchanganua maji inayotegemea jua peke yake husimama zaidi ya nusu ya siku, na mtaji wake ukilala, kila kilo inapanda bei.

Meli kubwa nazo. Shirika la Kimataifa la Bahari liliazimia mwaka 2023 kwamba usafiri wa meli uache kuongeza hewa chafu ifikapo 2050 au karibu na hapo, na betri haziwezi kuvusha meli ya makontena bahari nzima. Amonia inatajwa sana kwa kazi hiyo, kwa sababu hugeuka kimiminika kwenye nyuzi 33 tu chini ya sifuri. Bandari ya Lamu, iliyofungua gati lake la kwanza Mei 2021, huenda siku moja ikauza mafuta ya namna hiyo. Amonia ni sumu kali, na wavuvi wa Manda Bay wana haki ya kuambiwa hilo mapema.

Tumeshapita njia hii. Kiwanda cha makaa ya mawe cha megawati 1,050 kilichopangwa Kwasasi kilinyang'anywa leseni ya mazingira mwaka 2019, kwa sababu pamoja na mengine wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mwekezaji wa haidrojeni akija, tumpokee vizuri na tumuulize vilevile: umeme unautoa wapi, na je, utachukua wetu kabla vijiji vya Pate havijatosheka? Mbolea au gesi itauzwa kwa nani? Na maji?

Hili la mwisho lisiachwe juujuu. Kilo moja ya haidrojeni inakula lita 9 za maji safi, na hadi 20 hivi ukihesabu yanayopotea kwenye kuyasafisha na kupoza mitambo. Maji matamu ya Amu yanatoka kwenye matuta ya mchanga ya Shela, na chumvi inayasogelea kila tukivuta kupita kiasi. Visima hivyo visitajwe kabisa kwenye mpango wowote. Atumie maji ya bahari, na asitwambie ni ghali: kusafisha lita 1,000 za maji ya bahari hula yuniti 3 au 4, na maji hayo yanatosha kilo 50 za haidrojeni, ambazo zenyewe zimekula yuniti 2,500. Halafu atuonyeshe kwenye ramani yale maji yenye chumvi nzito yanayobaki atayamwaga wapi, umbali gani na mikoko na matumbawe ambako samaki wetu huzaliana, na nani atakayeyapima kila mwezi.